Matope ya Namba Tatu

Misimu kumi na minne nilifua jezi za Kilbrannoch,
jezi kumi na sita kila Jumapili, mashine moja,
na mume wangu akinung'unika kuwa nyumba inanuka miguu ya watu.
Wengine walimjua Murdo Lumsden kwa krosi zake.
Mimi nilimjua kwa matope.

Kila mchezaji ana doa lake, mtu asikudanganye.
Kipa hurudi na viwiko vyeusi,
mshambuliaji na magoti;
yule winga wetu mrembo alirudi na harufu ya manukato tu.
Murdo alirudi mzima mzima, kama kiazi kilichong'olewa sasa hivi.

Udongo wa Forfar ni mwekundu, unataka chumvi na maji baridi.
Wa Peterhead ni mchanga,
upepo wa bahari huusukuma hadi ndani ya mshono.
Stranraer ni mvua tupu:
jezi inarudi nzito kama mtoto aliyelala.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, fundi bomba mwanagenzi,
siku alipobisha mlango wangu na mfuko wa plastiki mkononi.
Jana yake tulifungwa tano, moja kajifunga mwenyewe,
mbele ya watu mia mbili na kumi na mmoja na mbwa.
"Bi Senga, litatoka?"
Alimaanisha doa, nadhani.
Nikamwambia, hakuna doa lisilotoka, mwanangu,
ila la chai.

Januari nilianika nje kwa ukaidi, zikaganda.
Namba tatu ilisimama wima kwenye kamba, mikono imenyooka,
kana kwamba inamdai refa kona.
Pauni sabini kwa wiki, na petroli.
Alhamisi alikuja kutengeneza boila langu, mdomo umepasuka,
akanywa chai kwa upande mmoja.

Kisha timu kubwa ikamwazima.
Nusu msimu, ligi ya juu, viti vya rangi, taa kama mchana.
Mama yake alinunua magazeti matano ya siku moja.
Jumamosi tulisikiliza redio, mimi na yeye, jikoni;
mtangazaji alitaja majina mengi.

Mei akarudi. Akaniletea jezi ya huko,
LUMSDEN mgongoni, herufi za kung'aa.
"Naomba unifulie."
Nikaigeuza nje, nikaigeuza ndani,
nikitafuta cha kufua.
Mikunjo ya boksi ilikuwa bado ipo.
Hata jani moja la nyasi.
Nikaifua. Kwa mkono, maji vuguvugu,
nikaianika nyuma ya mashuka, majirani wasiione,
nikampa, akasema asante,
na Jumanne akarudi mazoezini kwetu, kwenye giza na mbigili.

Miaka tisa mingine.
Magoli yake yote manne:
mawili kwao, mawili kwetu.

Siku goti lilipokwisha jezi haikuwa na damu.
Ilikuwa karibu safi, dakika ya sita tu.
Soksi waliikata kwa mkasi uwanjani.
Jumapili ile nilihesabu soksi thelathini na moja,
nikahesabu tena,
nikakaa chini kwenye ngazi.

Siku hizi klabu inapeleka nguo kwa kampuni, gari jeupe linakuja.
Mashine yangu nimebaki nayo, inafua taulo zangu mbili.
Juzi ikaziba. Nikampigia.
Akapiga goti moja, lile zima, jingine akalinyoosha pembeni kama mwavuli,
akafungua chujio kwa bisibisi.
Vikatoka: kifungo, senti, jino la njumu,
na mchanga, kijiko kizima cha mchanga.
Akauchezea kiganjani kwa kidole gumba.

"Peterhead," akasema. "Tulipigwa tatu."

"Nne," nikamwambia.