Kiti Kisicho na Msumari

Viti vitatu, mnada wa bweni, Mlimani.
Mwinshehe kavileta Keko kwa mkokoteni,
akakibinua kimoja
kama mnunuzi mgumu amkaguavyo kuku.

Hakuna msumari.
Plaiwudi tupu, imekunjwa kwa mvuke,
mgongo na kikalio pumzi moja;
matabaka saba, hesabu pembeni,
la nje limebanduka kwa fukuto la Machi.

Chini yake: bigijii iliyogeuka jiwe,
na kwa kalamu ya risasi:
*Nangoma ananidai nusu mkate.
Bumu likitoka.*

Sisi huku tunauza mninga, sofa za kifalme,
uzito ndio heshima.
Mwinshehe akakaa.
Kiti kikabonyea kidogo,
kama mtu anayesogea
akupishe kwenye benchi.

"Gundi," akasema. "Nani ana gundi?"