Mkia wa Mluzi

Mimi mkanda ule sijauona.
Nimeusikia mara arobaini, labda hamsini,
nikiwa nje, nyuma ya turubai, na beseni la mihogo,
jenereta ya Chilongani ikikohoa upande wa pili
na vumbi la Bahi likitua kwenye chachandu.
Kiingilio shilingi mia mbili. Mihogo mitatu.
Nilipiga hesabu, nikabaki nje.

Mtafsiri alikuwa hodari wa kusema.
Makauboi aliwapa majina ya kwetu,
mwenye baa akawa Mama Nghambi, farasi akawa Punda wa Kigwe,
wote ndani wakacheka hadi turubai likatikisika.
Lakini muziki ukiingia, alinyamaza.
Hata yeye. Naisikia maiki ikilazwa mezani,
halafu mluzi.

Mluzi mrefu, wa mtu asiye na haraka,
kama mchunga anayerudi na ng'ombe pungufu
na bado hajaamua atasema nini nyumbani.
Kisha gitaa, unyayo kwa unyayo.
Kisha kengele moja, mbali.
Nikajifunza mambo kwa sikio:
kinanda kikichechemea, wako baa, kuna atakayepigwa;
ngoma zikikimbia, ni farasi;
vile vya nyuzi, sijui vinaitwaje,
vikipanda, vikipanda, kama maziwa jikoni,
hapo wameiona dhahabu.

Na hapo banda lote lilitulia.
Wanaume mia waliotoka duarani na mwamba puani,
hakuna aliyekohoa.
Nilijua bila kuchungulia kuwa vinywa viko wazi.
Ndiyo maana machimbo tuliyaita Kalifonia,
jina tukaliandika kwa mkaa ubavuni mwa karasha.

Ndahani alikuwa na zeze la nyuzi mbili
alilopewa na mjomba wake wa Mvumi.
Jioni moja alikalia ndoo yangu, ameipindua,
akautafuta ule mluzi.
Aliukosa. Akaukosa tena. Akakaza waya,
akalowesha upinde kwa mate,
akaupata: si wote, mkia tu,
pale unaposhuka kama mtu anayekaa chini.
"Huyu aliyetunga," akaniambia, "ana kiu."
Hakueleza. Akaomba muhogo kwa mkopo.

Sasa sikilizeni.
Duara la Ndahani lilipotoa, ilikuwa Jumanne, saa nne,
na hakuna kilichopanda.
Karasha ilisaga. Mbwa alijikuna.
Alikuja na jiwe ndani ya kofia, akanionyesha,
nikasema, "Hilo?"
Pointi sita. Akalipa deni la mihogo, akanunua redio.

Na timba zilipokatika, wiki ya pili ya mvua,
hakuna ngoma iliyotangulia kutuonya.
Bandani walikuwa wanaonyesha mchana, kwa kuwa kuchimba kumezuiwa
(yeye alishuka hata hivyo, alisema anakwenda kuangalia maji tu),
na vile vya nyuzi ndiyo kwanza vinapanda
kwa ajili ya watu wengine, dhahabu ya watu wengine.
Stelingi hafi, ndivyo wanavyosema.
Tulitoa kifusi hadi alfajiri, kwa makarai, kwa mikono.
Chilongani alivuta waya akatuletea taa,
na hakuna aliyekumbuka kuzima deki.
Mkanda ukaisha, ukajirudisha, ukaanza.
Ukaisha, ukajirudisha.
Mluzi ule niliusikia mara tano usiku huo
na mara zote tano niligeuka.

Kalifonia imehama. Walisikia kuna jipya Geita,
wakang'oa hata nguzo za choo.
Mimi nauza stendi siku hizi, mihogo ile ile, bei nyingine.

Juzi kapita kijana na mbuzi kumi na moja
anapiga mluzi. Si ule wa mkanda.
Ule wa Ndahani, mkia peke yake,
pamoja na lile kosa lake, sauti moja chini,
ambalo zeze lilikataa kulisahihisha.
Nikamuuliza kautoa wapi.
Akanishangaa. "Si wa huku huku, mama?"

Nikamchagulia muhogo mkubwa.
Nikaongeza chachandu.
Pesa yake nikairudisha.