Mita Mia Tisa za Kunguru

Mundhir kachora mstari katikati ya karatasi,
mgongoni mwa bili ya umeme, Al-Khoudh, Alhamisi usiku.
Kushoto kaandika NDANI. Kulia, NG'AMBO.

Ndani: dirham elfu moja mia nne na hamsini kwa kulala tu,
foronya yenye mbweha anayecheka,
andazi la mbweha, sabuni ya mbweha,
na saa nzima ya asubuhi
kabla lango halijafunguliwa watu wengine.
Saa hiyo, wifi yangu Shinuna aliniambia,
ndiyo unayoinunua. Mengine mapambo.

Ng'ambo: mia tatu na kumi.
Jiko, sufuria mbili, sofa ya kukunjua,
basi la bure saa nne kasorobo,
na lango liko mita mia tisa.
Mia tisa! Akaipigia mstari mara mbili.

Nikasema: rahisi huvunja upishi.
Akasema: na ghali humvunja mpishi.

Kisha akazidisha, akatoa, akageuza riali,
siku tatu, mia tatu na hamsini na kitu,
na pembeni kwa herufi ndogo:
kompresa ya kiyoyozi. Meno ya mama.
Mama yangu mimi, si yake.
Hapo akanishinda.

Mita mia tisa zilikuwa za kunguru.
Sisi tulipewa barabara ya njia kumi na mbili,
haina daraja, haina kivuko,
na basi lililozunguka maghala ya vigae,
likasimama hoteli hii, likasimama ile,
likangoja mzee aliyesahau kofia.
Dakika thelathini na nane.
Azzan alihesabu vipilefti saba, akalala.
Tulipofika jua lilikwisha kaa kitako,
na mtoto wa Shinuna keshateremka bomba kubwa mara mbili,
nywele zinachuruzika, anatungoja
kwa huruma.

Adhuhuri, joto arubaini na tatu.
Wa ndani wakapanda vyumbani kulala.
Sisi tukakaa chini ya feni inayotema mvuke,
karibu na makabati ya viatu,
kichwa cha Azzan pajani pangu kizito kama tikiti,
Mundhir anampepea kwa ramani.
Hatukuangaliana.
Hapo niliichukia ile karatasi,
na meno ya mama yangu,
Mungu anisamehe.

Jioni hoteli ikatupa kidimbwi chake juu ya paa,
mapana ya mikeka miwili.
Maji ya kifuu, bahari ya chungu:
Azzan akapiga mbizi mpaka vidole vikakunjamana.
Nikapika wali wa jodari kwa zile sufuria mbili,
harufu ikatoka mlangoni bila ruhusa,
na jirani wa chumba cha pili, mama wa Salalah,
akaleta achari ya ndimu, akakaa,
akatueleza ugonjwa wa mumewe wote.

Saa tatu Biju wa mapokezi akatupandisha tena paani:
fataki, alisema, za bure.
Lakini katikati yetu na fataki
palikuwa na bango, refu kama jengo,
mbweha yuleyule, na maandishi: LALA NDANI YA NDOTO.
Likala nusu ya mbingu.
Raya akasema, Mama, sisi tunaona zile zinazofika juu tu.
Mundhir akacheka mpaka akakaa.
Mimi nilichelewa kidogo, kisha nikacheka.

Sasa kompresa mpya inanguruma.
Mama hajakubali kwenda kwa daktari, anasema meno yake yana adabu.
Shinuna akiniuliza, nasema palikuwa pazuri,
na sisemi uongo, wala simalizi.

Raya anakwenda shule na utepe wa mkononi,
wa rangi ya machungwa, aliopewa na binamu yake.
Ulikuwa ukifungua chumba, lango, kabati, soda.
Juzi nilimwona anaugusisha mlango wa friji,
polepole,
anasikiliza.