Komba wa Ibra

Usiku wa tatu Bi Thuweiba kaniamsha tena.
"Mtoto analia," kasema. "Mtoto wa nani?"
Nikamwambia nyumba hii haina mtoto,
wajukuu wako Maskati, kila mmoja na simu yake.
Nikamfunika shuka, nikarudi godoroni
chini ya kiyoyozi kinachokoroma kama trekta.

Asubuhi kaja Mundhir, mwanawe.
"Mama kazeeka," kanambia kwa Kiswahili cha kuokota,
"anasikia visivyokuwepo."
Daktari kaongeza kidonge. Cheupe, nusu, baada ya kula.

Lakini mimi ni mtu wa Muheza.
Nimelelewa chini ya minazi, baba yangu mgema,
na usiku wa nne, umeme ulipokatika
na kiyoyozi kikanyamaza,
sauti ile niliijua kabla sijafumbua macho.
Si mtoto.
Sikusema. Nani angemsadiki mfanyakazi wa ndani
anayedai kuna komba Ibra,
kwenye mitende, ng'ambo ya falaji,
nchi ambayo hata jiwe hutafuta kivuli?

Aliyemwona ni Shofikul,
yule Mbangali apandaye mitende na kamba kiunoni.
Kateremka mbio, magoti yamechubuka,
vidole kavifanya duara machoni:
makubwa hivi, kasema, kwa kile Kiarabu chetu cha shambani,
makubwa kama ya mtu aliyeamshwa na mdai.

Hapo kila mtu akawa na habari yake.
Kaja na kontena la ndizi.
Hapana, kijana mmoja wa Dubai kamnunua kwa picha,
kang'atwa kidole, kamfungulia mlango wa gari jangwani.
Watu wa mazingira wakaja na wavu na fomu.
"Kafili wake nani?" kauliza mmoja, kwa mzaha.
Wakacheka. Nami nikacheka,
pasi yangu iko kwenye droo ya Mundhir.

Wakatega tufaha. Wakatega ndizi.
Siku mbili, tundu tupu, sisimizi tu.
Bi Thuweiba, kitini kwake, hakugeuza hata shingo:
"Mtegeeni tembo."
"Astaghfirullah, mama!"
Basi, yakaisha.

Jikoni nyuma kulikuwa na mtungi wa tende zilizoharibika.
Nikazitia maji, nikazianika juani
mpaka povu likapanda na harufu ikanishika koo,
harufu ya shati la baba.
Sikumuuliza mtu. Nikaiweka bakuli tunduni.

Alfajiri yumo, kalewa chakari,
mkia kajifunika uso,
na vidole, vile vidole, vimekamata waya
kama vya mtoto anayengoja kubebwa.
Bi Thuweiba katoka miguu mitupu,
kanga yake ya kulalia imepauka maandishi.
Kainama. Kamtazama kitambo.
"Ndiwe uliyekuwa ukitulilia Bububu?" kasema.
"Umechelewa, baba."

Wakamfunika blanketi, wakamtia garini.
Mundhir kapiga picha, katuma ukoo mzima.
Wakampongeza afisa, wakampongeza Shofikul.
Mimi nikaosha bakuli
mara tatu, kwa sabuni, na harufu haikutoka.
Kile kidonge hakuna aliyekitaja.
Saa mbili nikampa, kama kawaida, baada ya kula.
Kakishika mkononi, kakitia mfukoni.
Sikuona.

Saa nane za usiku, mtoto akalia.
Mbali kidogo, upande wa makaburini,
analia, ananyamaza, analia,
kama anayeita jina na kungoja.
Bi Thuweiba kaketi kitandani.
Nami nikaketi.
Mlango ukagongwa: Mundhir, kalala kwetu usiku ule.
"Mmesikia?"

Bibi kanitazama. Nikamtazama.

"Tumesikia nini?" kasema.

"Kiyoyozi hicho," nikasema. "Kitafutie fundi."