Wingu Moja

Kibaigwa mwaka huu tulisubiri wingu
mpaka shingo zikakakamaa.
Mahindi yakafia magotini.
Kisha likaja, moja tu,
likatua ndani yangu,
pafu la kulia, juu, chini kidogo ya mtulinga.

Tabibu Ndahani aliipachika filamu dirishani
(kisanduku cha taa kiliungua tangu Pasaka),
jua la saa nne likanipita mbavuni
nikajiona: ngazi ya mifupa,
moyo umeegemea kushoto kama mlevi,
na pale juu weupe,
unga uliomwagika gizani.

"Ndiyo kifua kikuu?"
"Ni wingu," akasema, "na wingu si mvua.
Laweza kuwa nimonia, laweza kuwa kovu la zamani.
Picha inaonyesha mahali, jina hailijui.
Jina tutayauliza makohozi."

Nikapewa kikopo.
Miaka kumi na tisa napakia magunia sokoni,
kilo mia mgongoni, napanda ubao, nashuka.
Kikopo kile kikanishinda.
Nilitema mate, mepesi, ya adabu,
mate ya mtu anayeona haya kukohoa mbele za watu.

Jibu: Hasi.
Sechelela akachinja tetea.
Nikarudi na kikohozi kilekile,
jasho la usiku lilelile,
na mshipi umesogea tundu la tatu.

"Hasi," akasema Ndahani, "maana yake hadubini haikuona.
Ukimkosa ng'ombe zizini
utasema hakuzaliwa?
Kesho alfajiri, kabla ya chai, sukutua kinywa.
Simama nje, penye upepo, mbali na watu.
Vuta pumzi, ishike, iachie. Tena.
Halafu kohoa kutoka mvunguni."

Nyuma ya choo, nyota bado zipo,
nilikohoa mpaka mbwa wa jirani akanyamaza.
Kikaja: kizito, uji wa uwele.
Nikakifunika upesi, kama mwizi.

Safari hii waliipa mashine.
Karatasi ikasema:
Vimelea vya kifua kikuu: vimeonekana. Kiasi: kidogo.
Usugu wa rifampisini: haukuonekana.
Nikaisoma mara tatu.
Kuonekana na kutoonekana kwenye karatasi moja,
nisijue kipi cha kulilia.

"Hicho cha pili kifurahie," akasema.
"Dawa za kawaida zinakuweza.
Miezi sita, bila kuruka siku.
Mkojo utakuwa mwekundu, usitishike.
Na mkeo alete watoto wapimwe."

Sechelela hakulia.
Aliuliza tu kama yule tetea
anaweza kuhesabiwa
kuwa alichinjwa kwa jibu hili.

Karatasi nimeikunja, iko mfukoni.
Filamu haikunjiki.
Nilitaka kuiegemeza dirishani, badala ya pazia,
watoto wamwone baba yao kwa ndani.
Akaiondoa, akaisukuma chini ya kitanda.
Dirisha, tumeambiwa,
liachwe wazi.