Njia ya Mbao, Karura

Mlinzi langoni aliniuliza, "Na yeye pia?"
Shangazi Kwamboka akamjibu mwenyewe:
"Mimi ndiye nimemleta huyu."

Magurudumu yakagonga mbao, ko, ko, ko.
Mwinuko umepimwa kwa akili,
reli ya chuma inafikia kiwiko chake sawasawa.
Kiti kilichozoea vigae vya hospitali
leo kimebeba udongo mwekundu na jani la mkuyu.

Tumbili hatukuona hata mmoja.

Karibu na maporomoko njia ikakoma:
ngazi saba za mawe, zinateleza.
Nikaanza kuomba radhi kana kwamba nilizijenga mimi.
"Nyamaza," akasema, "nisikie maji."

Wakati wa kurudi, penye mteremko,
akayashika magurudumu kwa viganja vyake.
"Haya, mwanangu. Niachie."