Mwendo wa Jumatatu

Niliwapita.
Nalisema wazi kwa kuwa wiki nzima nililitangaza:
Jumatatu alfajiri, Teddington, ndani ya Bushy Park,
umande umeganda majanini kama chumvi,
niliwapita wanawake watatu wembamba
waliokimbia kama watoto waliotumwa dukani
wakasahau walichotumwa.

Mimi pumzi juujuu, kifua kikidunda kama debe,
saa ya mkononi ikinisifu kwa mlio wake mdogo.
Wao walikuwa wakicheka.
"Habari za asubuhi, kaka," alisema mmoja,
kwa Kiswahili, kwa sauti kamili,
sauti ya mtu aliyeketi.
Sikumjibu. Sikuwa na pumzi ya salamu.

Jumatano, natoka zamu ya usiku,
nikapitia uwanja wa michezo na maziwa mkononi.
Wale wale.
Sasa hakuna aliyecheka.
Waliikata kona ile kama wembe unavyozunguka kidevu,
nyayo zikigusa tu na kuondoka,
na mzee mmoja mwenye kofia ya sufi akitaja sekunde
kama mtu anayehesabu fedha zisizo zake.
Nikapiga hesabu yangu:
kasi ile ningeimudu hadi nguzo ya pili ya taa,
ya tatu wangenikuta nimeikumbatia.
Nilishikilia uzio mpaka maziwa yakanifisha vidole ganzi.

Ijumaa nikamkuta dukani kwa Thakrar,
kwenye foleni, kabeba unga wa mahindi kilo tano.
Jemeli, akajitaja.
Nikamuuliza: Jumatatu mlikuwa wagonjwa?
Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama
mtu aliyevaa shati ndani nje.
"Jumatatu tulikuwa na ng'ombe wa shemeji yangu.
Ana mimba, katoroka boma, kaingia shule ya msingi.
Hadithi ndefu. Tuliongeza kilomita mbili ili iishe."
Akalipa. Akahesabu chenji.
"Ukishindwa kusimulia, umezidisha.
Na wewe, ulikuwa unakimbizwa na nani?"

Usiniletee methali.
Methali za pole na haraka nilizijua zote,
nilizinakili kwa mwandiko mzuri, nikapewa alama.
Miguu ndiyo haikuwahi kuzisoma.

Nani alikuwa akinikimbiza?
Zamu mbili, basi la 285, kodi,
karo ya mtoto wa kaka,
Bi Hargreaves wa chumba namba tisa
niliyemlisha uji kijiko juu ya kijiko
hadi siku moja akafumba mdomo, akaniambia,
"Kijana, mimi sina treni ya kuwahi."
Hata usingizi niliulala kwa kasi.
Kila siku yangu ilikuwa Jumatano,
na Jumatano yenyewe ilipofika
nilikuwa sina kitu cha kuipa.

Basi Jumatatu hii nimejaribu.
Ni kazi, nakwambia.
Mama mwenye kigari cha mtoto alinitangulia.
Kulungu aliinua pembe, akanitazama, akaendelea kutafuna.
Kisha akanipita bwana mmoja, viatu vipya, anahema kama mvukuto,
na damu yangu, bila kuniuliza, ikamfuata
hatua kumi, kumi na mbili,
kabla sijajikamata ukosi.

Sina wenzangu wa kusimuliana nao.
Nikampigia simu dada yangu, Mwanamkasi, Pangani,
ambaye kwa miaka sita nimekuwa nikimwambia "nitakupigia."
Akanipa ugomvi wa ukuta na jirani, tangu msingi:
nani aliweka tofali la kwanza, nani alishuhudia,
diwani alikula nini alipokuja kusuluhisha.
Nikauliza maswali. Nikacheka. Ndege zikashuka kuelekea Heathrow,
nami nikazunguka bwawa, nikalizunguka tena,
maana ukuta ulikuwa bado haujafika dirishani.

"Kwani uko wapi?" akauliza mwishowe.
"Nakimbia."
"Muongo wewe," akasema.
"Wakimbiao hawaongei."